Mimba ya Shangazi

Saluni yangu iko Tabata. Viti viwili, vioo vitatu, benchi moja la wanaosubiri zamu. Kwenye kona palikuwa na televisheni, nikaiondoa kwa sababu ya ugomvi wa Simba na Yanga. Mteja mwenye hasira hatulii, na wembe ukiwa shingoni mwa mtu asiyetulia mimi ndiye nitakayekwenda kujieleza polisi. Badala yake nikaweka tangi la samaki wa mapambo, lita 120. Nikajisemea, samaki hawana timu.

Kumbe nilikuwa nimenunua samaki wa njano. Asubuhi ya kwanza tu mnazi mmoja wa Simba akasimama mlangoni, akaniuliza mbona nimemwekea Yanga sita ndani ya kioo.

Kijana aliyeniuzia aliniambia hao ni mbuna, asili yao Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, wanaishi kwenye miamba. Maelekezo alinipa mengi. La kubadilisha maji kidogo kila wiki nililishika. La kutoweka tangi juani nililishika. La chakula alilisema wakati namtumia hela kwa simu, na mtu anayeagana na hela zake hasikii kitu.

Sasa, mtu akikaa kwenye benchi anasubiri kunyolewa mikono yake haina kazi. Wakaanza na makombo ya mandazi. Zikafuata chipsi, karanga, mkate. Konda mmoja wa daladala alikuwa akija na sambusa mbili, anakula ganda yeye, nyama anawapukutishia samaki. Mimi nilifurahi. Niliona ndiyo matangazo ya biashara yenyewe, watu wanakuja kulisha samaki na kichwa kinanyolewa humohumo.

Mwezi wa tatu mmoja wao akaota tumbo. Huyu tulikuwa tunamwita Shangazi kwa sababu ya ubabe: wenzake wakisogelea jiwe lake anawatimua, chakula kikidondoka yeye wa kwanza. Ukimtazama kwa juu alikuwa kama limau lililoota mkia.

Aliyetoa tamko ni mama ntilie wa jirani. Alikuwa ameniletea chakula changu cha mchana, wali nyama, sahani iliyojaa kama kawaida yangu (nisiseme uongo, aproni yangu ya kazi kamba zake hazikutani nyuma tangu mwaka juzi). Akaweka sahani, akainama mbele ya tangi kama nesi wa kliniki.

"Huyu ana mimba," akasema. "Miezi saba."

"Umejuaje, mama?"

"Mimi nimezaa watano. Mwangalie anavyohema. Halafu hana haya na chakula."

Benchi zima likakubali. Nani angebisha na mzazi wa watoto watano? Kuanzia siku hiyo mgawo wa Shangazi ukaongezwa, maana mjamzito anakula kwa niaba ya wawili. Mmoja alikuja hata na udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito. Nikamrudisha nao. Mwenye embe bichi nilimchelewa.

Biashara ikanipanda kichwani. Wateja watatu walitaka watoto wa Shangazi, nikapokea shilingi 5,000 kwa kila mmoja kama kishika uchumba, nikaandika kwenye daftari la madeni. Nikanunua tangi dogo la pili, nikamhamishia Shangazi peke yake, nikabandika karatasi: WODI YA WAZAZI. USIGONGE KIOO. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Tumbo likawa linapanda tu, mtoto hatumwoni.

Wakati macho yote yako wodini, kwenye tangi kubwa kulikuwa na mwingine, mdogo, mwembamba, tuliyemwita Mnyonge. Huyu alikuwa amevimba chini ya kidevu. Alijibanza nyuma ya jiwe mdomo umefungwa, na kila baada ya muda anatafuna. Anatafuna nini sasa? Chakula kilipita mbele ya pua yake asikitazame. Taya linakwenda polepole, linasimama, linakwenda tena, kama bibi mwenye tambuu.

"Matumbwitumbwi hayo," akasema mzee mmoja mstaafu anayekuja kunyolewa ndevu kila Ijumaa. Akatusimulia walivyopakwa masizi ya chungu mashavuni yeye na ndugu zake utotoni, wakapona. Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu, lakini masizi kwenye maji?" Akasema basi chumvi.

Chumvi nilikuwa nimesikia kweli ni huduma ya kwanza kwa samaki. Nilivumilia wiki mbili na nusu nikitumaini uvimbe utapungua. Jumamosi, saluni imejaa hadi mlangoni, nikaamua leo namtibu. Nikachukua beseni, nikajaza maji ya tangi, nikakoroga chumvi kidogo, nikaazima chujio la nazi kwa mama ntilie, nikamvua Mnyonge.

Alipoingia kwenye beseni akazunguka mara mbili, akasimama, akapanua mdomo kama anapiga mwayo. Kikatoka kitu kidogo cha rangi ya vumbi, kikaanza kujinyonganyonga. Kikafuata kingine. Halafu vitatu kwa mpigo.

"Anatapika minyoo!" nikapiga kelele.

Hapo ndipo saluni ilipotapakaa. Mteja wa kiti cha pili alitoka mbio na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akasimama katikati ya njia ya bodaboda. Mimi nikamrudisha Mnyonge tangini kwa chujio, nikanyanyua beseni, nikakimbilia mtaroni, nikaanza kumwaga. Nilikuwa nimefika kama nusu hivi, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa anasubiri kunyolewa akachungulia chini ya mkono wangu.

"Anko, mbona minyoo wana macho?"

Nikasimamisha beseni. Nikatazama. Kila mnyoo alikuwa na macho mawili, makubwa kuliko kichwa chenyewe kilivyostahili, na mkia, na vimapezi. Wakanitazama. Nikawatazama.

Wacha niseme kwa kifupi kwamba watu wazima wanne, mmoja wao ana nusu ya nywele, tulipiga magoti kwenye mtaro wa Tabata tukimulika kwa tochi za simu saa nane mchana. Bahati yetu maji yalikuwa kidogo na hayatembei. Yule mtoto ndiye aliyeokoa, kwa mfuniko wa kopo la poda: watatu. Kwenye beseni walibaki tisa. Waliokwenda na mtaro sikuwahesabu, na naomba usiniulize.

Nikampigia kijana wa samaki. Akaja na bodaboda, akatazama beseni, akatazama wodi, akasoma karatasi, akakaa chini acheke vizuri. Alipomaliza akatupa somo, benchi zima limetulia kama darasa la mtihani.

Mbuna, akasema, mimba yake tumboni huioni sana. Mayai yakikomaa tumbo hushuka kidogo kwa nyuma, siku chache tu, kisha jike anataga na kuyaokota yote mdomoni. Humo anayalea kama wiki tatu, anayageuzageuza, ndiko kule kutafuna, na hali chakula chochote kwa sababu mdomo umejaa wanawe. Ukimtisha anaweza kuwatema.

"Na dume?" akauliza konda.

Kijana akatuonyesha Shangazi. Pezi la chini ya tumbo, karibu na mkia, lilikuwa jeusi, na juu yake vidoa vya rangi ya machungwa, mviringo, kama mayai kabisa. Dume anamwonyesha jike vidoa hivyo, jike akidhani ameacha mayai mengine anakwenda kuyaokota, na pale anapofungua mdomo ndipo anapozipokea mbegu za dume. Mimba inatungia mdomoni. Saluni ikanyamaza. Mzee mstaafu akajifuta midomo na leso.

"Kwa hiyo Shangazi..."

"Shangazi ndiye baba yao. Ndiye mbabe wa tangi, na waliobaki wanne bado wadogo."

"Na tumbo?"

"Sambusa."

Akaeleza kwamba mbuna wengi wanashinda wakikwangua mwani kwenye mawe, utumbo wao ni mrefu wa kusaga majani, nyama na mkate vinawaumua. Shangazi alinenepa kuanzia kifuani, mviringo mzima, mwezi kwa mwezi, na bado anakula kwa fujo. Huo ni unene. Angekuwa amekataa chakula na magamba yamesimama kama ya tunda la msonobari, huo ungekuwa ugonjwa, na ningekuwa nimeshamzika. Dawa: siku tatu asile kitu, halafu mchicha uliopitishwa maji ya moto, kiasi kidogo. Nikageuza karatasi ya wodi, nikaandika nyuma: AMEFUNGA. USIMPE KITU. Kesho yake nikakuta mtu ameongeza kwa kalamu: "Mbona Ramadhani bado?"

Ikabaki kesi ya vishika uchumba. Wawili walikubali kusubiri watoto wakue. Wa tatu alikataa katakata: yeye alilipia mtoto wa Shangazi, hataki wa mgonjwa wa matumbwitumbwi. Nikamwambia ni walewale. Akasema alipokuwa analipa, Shangazi alikuwa mama. Nikamrudishia 5,000 yake, kwa sababu hilo sikuwa na jibu lake.

Mama ntilie yeye hakutetereka. Nilipomkumbusha miezi saba yake, akaweka mkono kiunoni.

"Mimi nilisema humu dukani kuna mjamzito. Sikukosea."

"Ulimwonyesha Shangazi, mama."

"Kioo kinapinda."

Jumatatu nikaagiza wali nyama kama kawaida. Akaja, akaweka sahani. Nikafunua: wali robo, uliobaki wote mchicha. Nikamuuliza nyama iko wapi. Hakunijibu. Alinitazama tumboni, akatazama kamba za aproni zilivyoning'inia, halafu akageuka, akainama mbele ya tangi dogo, akamtazama Shangazi kwa muda mrefu.