Kuku Hawajui Mfungo

Nafundisha ujasiriamali kwenye chuo cha kilimo mkoani Morogoro, na hadi mwaka jana nilikuwa sijawahi kuuza hata kiberiti. Wanafunzi hawakulijua hilo. Mimi ni mtu wa ubaoni: mtaji, gharama, faida, mshale unapanda.

Mwanzoni mwa 2025 tukasema ubao basi. Kila kundi likopeshwe na chuo, lifanye biashara ya kweli, lirudishe hela. Wengine wakachukua mchicha, wengine uyoga. Kundi ninalolilea mimi likachukua kuku wa nyama, vifaranga 200, nami nikawapa ile kauli yangu: "Soko lipo."

Kwenye ufugaji sina la kusema, vijana wanaujua. Chanjo ya mdondo siku ya 7, Gumboro siku ya 14, usiku wanapokezana kulinda jiko la mkaa kama walinzi wa benki. Walikufa sita tu. Waliodonoana walipakwa ile dawa ya zambarau, na kijana mmoja asiyejua kipimo akapaka mabawa ya karibu nusu ya banda.

Vifaranga waliingia mwisho wa Januari. Hesabu wiki tano. Kuku wameiva, tunatoka kutafuta wateja, Ramadhani hiyo imeanza, na tarehe 5 Machi Jumatano ya Majivu. Mifungo miwili, wiki moja! Na kalenda ya mfungo imebandikwa ofisini kwangu, juu ya meza; mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga.

Kijana wa chipsi pale getini akaniambia nirudi baada ya Idi. Mama lishe akacheka kabisa: "Mwalimu, nusu ya wateja wangu wamefunga, nusu wameacha nyama mpaka Pasaka. Hao kuku wako ni wa dini gani?"

Dini yao ilikuwa kula. Kuku 194 wa umri ule, mfuko wa kilo 50 haufiki siku mbili. Kila asubuhi mhasibu wa kundi, binti mpole mno, ananifuata na daftari. "Shikamoo mwalimu. Jana wamekula elfu arobaini na tano." Walimu wenzangu walichukua 30, wote kwa "mwisho wa mwezi".

Siku ya tisa nikawaambia vijana wakae, niwaonyeshe biashara inavyofanywa. Nikapakia 60 kwenye matenga, bajaji, Msamvu, mpaka sokoni mjini, shati jeupe limechomekewa. Kufika saa tano kuku wanahema midomo wazi, nami koo limekauka, hata kuita mteja siwezi.

Akaja mama mmoja, kanga kiunoni. Hakuuliza bei. Akamnyanyua kuku, akampima kwa mkono, akamtazama machoni, kisha akanitazama mimi vilevile.

"Wewe mwalimu?"

"Umejuaje, mama?"

"Umeandika bei kwenye karatasi."

Bei ilikuwa 8,500. Yeye akasema elfu tano. Nikaanza kumweleza gharama za uzalishaji. Akanisubiri kama mtu aliyejibanza barazani mvua ipite. Nilipomaliza akanyoosha kidole kwenye tenga. "Yule anakufa."

Kweli, alikuwa anakufa. Nikauza wote kwa elfu tano tano, na yule akaingia kama nyongeza. Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Chuoni kulikuwa na daftari.

Magharibi nikakuta nyumba inanukia. Mama mkwe amekuja kufuturu kwetu, na mke wangu ana furaha ya mtu aliyepata dili.

"Nimepita sokoni, baba. Kuku mzuri, kwa elfu tisa tu! Yule mama alitaka kumi. Ila sijui ana nini, nimemsugua kwa chumvi na ndimu, bawa limegoma kutoka zambarau."

Mama mkwe akauliza kama ni ugonjwa. Nikasema hapana, nikalivuta bawa upande wangu, nikalila lote na mfupa nikautafuna.