Usikubali kosa ili yaishe

Kuna ushauri unaotolewa bure hapa Mbeya, kuanzia vijiwe vya bodaboda vya Mwanjelwa hadi kwenye benchi la nje ya kituo cha polisi, ambao nadhani umewaponza vijana wengi kuliko ushahidi wenyewe: "Kubali tu, yaishe."

Anautoa mjomba aliyeteremka na gari la asubuhi kutoka Tukuyu. Anautoa jirani. Wakati mwingine anautoa hata yule anayekuhoji. Na unasikika kama busara, maana huku kwetu tumelelewa kuomba radhi mapema: ukimkosea mtu unatuma wazee, unalipa walichokuamulia, mnakula pamoja na maisha yanaendelea. Lakini kesi ya jinai haiendi hivyo. Anayekushtaki si jirani tena, ni Jamhuri. Jirani anaweza kukusamehe leo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kesho kesi ikaitwa kama kawaida, kwa kuwa kuifuta si juu yake. Kibaya zaidi, uliyoyakiri mbele ya mwenyekiti yanaweza kukurudia: mwenyekiti huyo huyo akaitwa kuwa shahidi. Kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida, mahakama yenyewe inaweza kuhimiza mpatane, na hapo patanani. Nazungumzia mengine.

Chukua mfano wa kijana mmoja wa bodaboda, wa mtaani kwetu. Alinunua simu kwa mtu kijiweni, bila risiti, kwa bei ya kutupa. Wiki chache baadaye akakamatwa nayo. Kosa: kupatikana na mali idhaniwayo kuwa ya wizi. Kituoni akaandikwa maelezo ya onyo, ambayo huanza karibu hivi kila mahali: mimi askari fulani nakuonya wewe fulani kwamba unatuhumiwa kwa kosa fulani, hulazimiki kusema neno lolote isipokuwa kwa hiari yako, na utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi. Hiyo sentensi husomwa haraka kama konda anavyotaja vituo, kisha mtu anaonyeshwa pa kuweka dole gumba. Kijana akaweka. Hakusomewa alichoandikiwa, na hakuuliza.

Sasa tazama alikuwa na haki zipi siku ile. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ya tangu 1985, inataka anayekuhoji akutajie jina na cheo chake, akuambie kosa unalotuhumiwa kwa lugha unayoielewa, na akuonye kama nilivyoeleza. Ukitaka kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, unaruhusiwa kuomba. Mahojiano yana muda wake wa kuanzia, saa 4 tangu uwekwe chini ya ulinzi kwa kosa hilo, na zikihitajika zaidi lazima utaratibu wa kuongeza ufuatwe. Mahakama zimeshayatupa maelezo mengi yaliyochukuliwa nje ya muda. Kwa hiyo jambo dogo kama kukumbuka saa uliyokamatwa, na ndugu yako kuiandika mahali, linaweza kuja kuwa na uzito kuliko kelele zote za pale kaunta. Kabla ya kuweka sahihi au dole, omba usomewe. Ukisikia neno ambalo hukulisema, sema lirekebishwe. Huna haja ya kugombana na afande. Sema kwa heshima, lakini sema.

Kijana wetu alipofika mahakamani ndipo ushauri wa "yaishe" ulipomaliza kazi yake. Nilikuwepo, benchi la nyuma. Hakimu akamsomea shtaka akamuuliza ni kweli au si kweli. Akajibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kosa: tarehe, mahali, aina ya simu, alivyokutwa nayo. Akaulizwa tena kama hayo aliyosomewa ni sahihi. "Sahihi, mheshimiwa." Kufumba na kufumbua akatiwa hatiani, na mjomba wake, aliyemshauri, akabaki anatuuliza sisi wengine kama faini italipiwa dirisha gani. Hakukuwa na faini. Kilikuwa kifungo cha miezi 6.

Ambacho mjomba hakukijua, na wengi hatukijui, ni kwamba aliyekiri kosa mahakamani kimsingi hana rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anabaki na rufaa juu ya adhabu tu, kama imezidi au si halali. Mlango mwingine upo ila ni mwembamba sana: aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa kukiri kamili. Na hapa ndipo roho inaniuma, kwa sababu yule kijana alikuwa na la kusema. Angesema tu, "Ni kweli nilikutwa nayo, lakini niliinunua, sikujua kama ni ya wizi," hayo si maneno ya kukiri. Hakimu alipaswa kuandika kwamba amekana, na upande wa mashtaka ungelazimika kuleta mashahidi. Huenda angeshindwa hata hivyo. Bei ya kutupa bila risiti si utetezi wa kujivunia. Lakini angesikilizwa.

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia. Kujibu "si kweli" si kumdharau hakimu wala kumwita afande mwongo. Ni kumwambia anayedai athibitishe. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo usipoelewa kitu, nyoosha mkono uulize.

Kama kweli umetenda, na unataka kulimaliza, ipo njia halali ya kukubali. Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa: mshtakiwa na upande wa mashtaka wanakubaliana, kwa maandishi, labda shtaka lipunguzwe au mengine yaondolewe, kisha mahakama inajiridhisha kuwa umekubali kwa hiari. Makosa mazito ya aina fulani, kama uhaini, hayamo. Hiyo ni tofauti kabisa na kunong'onezwa kwenye korido kwamba "ukikubali tutakusaidia". Kama haijaandikwa na haijafika mbele ya hakimu, hakuna makubaliano. Na ukishatiwa hatiani, usikae kimya unapoulizwa kama una la kusema kabla ya adhabu. Taja kama ni kosa la kwanza, taja wanaokutegemea, omba huduma kwa jamii. Sheria ya mwaka 2002 inaruhusu kifungo kisichozidi miaka 3 kitumikiwe kwa kazi za jamii badala ya gerezani.

Hofu inayowasukuma watu wakubali ni ile ya kulala mahabusu, hasa ukikamatwa Ijumaa jioni, Juni, na baridi ya huku unaijua. Naielewa. Ila dawa yake ni dhamana, si kukiri. Usipofikishwa mahakamani ndani ya saa 24 na kosa si zito, polisi wanapaswa kukuachia kwa dhamana, na dhamana hailipiwi. Ndugu wasikimbilie kuchangishana hela. Watafute wadhamini wanaoaminika, wenye vitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji wa fedha: hayo hayana dhamana, na hapo nguvu zote ziende kutafuta wakili.

Wakili ni ghali, najua. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na hakimu au jaji akiona mshtakiwa hana uwezo na haki inahitaji awe na wakili, anaweza kuagiza apatiwe. Kwa hiyo mwambie hakimu kwamba huna uwezo. Asipoambiwa atajuaje?

Na aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ndugu zake wasisubiri msimu wa viazi uishe ndipo waanze kuulizia rufaa. Notisi ya kukusudia kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za hukumu na mwenendo wa kesi. Aliye gerezani anaikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye ndiye anayeifikisha mahakamani.