Hiyo ni i7, Bosi!

Hebu mtu aniambie, i7, hii prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, ni cheo? Maana wauza kompyuta wanaitamka kama wanamkaribisha mgeni rasmi. Unaingia na vihela vyako umevikunja mfukoni, unasema nataka kompyuta ya mezani ya kuunganishwa, ya kazi na gemu kidogo za watoto. Kazi gani? Haulizi. "Bosi, hii ni i7!" Kisha kimya, anasubiri upige makofi.

Sasa muulize ni i7 ya mwaka gani, uone anavyoanza kutafuta kalamu. I7 zimeanza kuuzwa mwaka 2008, jamani! Kuna vijana wana ndevu sasa hivi, na i7 iliwatangulia kuzaliwa. I3, mdogo wake wa ngazi ya chini, ya kizazi cha 12, ile ya mwaka 2022 ambayo huyu bwana hata hataki kuitaja, inaiacha mbali hiyo mheshimiwa ya mwanzo. Halafu Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2025. Kwa hiyo hicho cheo nikifanyie nini, nikakitundike ukutani?

Basi tukaandika orodha upya. Prosesa, jina na namba. Madabodi, ule ubao unaounganisha vipuri vyote, jina na namba. Tukifika kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha umeme: "500W". Nukta. Ya nani? Haina ukoo? Na hiyo ndiyo inayolisha kila kitu humo ndani, ikiamua kufa vibaya inaweza kuondoka na madabodi mkono kwa mkono. Nikaomba niishike. Nyepesi, ukipuliza inaruka. Stika ina 500 kubwa nyekundu, lakini pembeni kuna vimaandishi vya kusomwa na wenye subira: laini ya volti 12, ampea 18. Piga hesabu. Wati 216. Na laini ya volti 12 ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini. Nikamuuliza, ndugu yangu, hizo wati nyingine zimekwenda wapi?

"Hizo ni za akiba, bosi."

Akiba! Wati zimewekwa benki.

Wakati huohuo kasha lina kioo ubavuni na feni zinazowaka rangi zote za harusi. Nikauliza, hizi taa zinaongeza spidi? "Zinaongeza mvuto." Nikamwambia atoe mvuto wote, hela yake aipeleke kwenye pawasaplai yenye wazazi. Alinitazama kwa huruma nyingi sana.

RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, sitaki hata kuizungumzia. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepaa, maana vituo vya data vya akili mnemba vinazoa kila chipu inayotoka kiwandani. Akili mnemba imekula RAM zote, sisi wenye akili za kuzaliwa tunabaki tunaulizana kama 8GB zitatosha. Na ukibahatika kupata, anataka kukupa kijiti kimoja cha 16, wakati viwili vya 8 vingefanya kazi kwa kasi zaidi, kwa kuwa madabodi inasoma njia mbili kwa pamoja. Ukimweleza hivyo anasema, "Wewe ni fundi?" Mimi si fundi, mimi ni maskini. Maskini husoma.

Kwa kubana matumizi nikasema kadi ya grafiki tuiache kwanza. Akakubali haraka, na mtu akikubali haraka mimi huingiwa na baridi. Nikarudi kwenye ile prosesa yake: mwishoni ina herufi F. Hiyo F maana yake haina grafiki ndani! Yaani ningefika nyumbani, nimewaita watoto na majirani, nawasha, feni zinazunguka, taa zinacheza ngoma, skrini nyeusi tii. "Aah, hiyo F tunaweza kuiondoa," anasema, kama vile inafutwa na raba. Kumbe kuiondoa ni kununua prosesa nyingine yenye bei yake.

Hatimaye tukaelewana. Jumla ikanibakizia nauli. Nikauliza kwa sauti ya chini: na monita? Kibodi? Mausi je?

"Lakini bosi, wewe si ulisema unataka kompyuta?"