Marehemu wa Mombasa bado wana wenyewe

"Assalamu alaykum. Natafuta ukoo wa babu yangu Salim, alikuwa akikaa Mombasa. Mwenye kujua anisaidie."

Ujumbe wa namna hii hauishi kwenye magrupu ya koo za Pwani, WhatsApp na Facebook. Wapo wanaomiminika na majina, picha za harusi za zamani na sauti za dakika tano. Halafu yupo mmoja, aghalabu mtu mzima, anayejibu kwa maneno mawili: "Wamtakia nini?"

Vijana hulichukua jibu hilo kuwa ni ukali. Mimi naona ndilo swali la maana kuliko yote yanayoulizwa humo, ingawa silipendi linapotumika kama kufuli.

Anayeomba ana haki yake. Nasaba za Mombasa zilisemwa zaidi kuliko zilivyoandikwa. Jina lenyewe ndilo daftari: Fatma binti Ali bin Salim bin Ali. Ukienda makaburini, kaburi la mtu wa kawaida mara nyingi halina hata jina. Hati zipo lakini zimetawanyika: ndoa na mirathi kwa Kadhi, madai ya mashamba chini ya sheria ya ardhi ya 1908, mafaili ya utawala wa Mwingereza kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi. Kijana aliyezaliwa Muscat au Leicester ataanzia wapi? Ajuaye ni bibi wa Kibokoni mwenye miaka themanini na ushei, na siku atakayoondoka ataondoka na yote. Wanaosema "toeni sasa" wana hoja nzito.

Ila bibi huyo hayumo kwenye grupu. Yumo mjukuu wake, aliyemrekodi wakiwa wamekaa barazani, akafowadi. Bibi alimhadithia mjukuu. Hakuwahadithia watu mia mbili. Sijaona adabu inayovunjwa kwa urahisi kama hii, na anayeivunja huwa anaamini kwamba anasaidia.

Kuna pia uvivu wa kuuliza. "Salim wa Mombasa" si swali. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo Salim bin Ali na Ali bin Salim hupokezana kama zamu ya kuteka maji. Lete majina matatu, mtaa, kazi aliyoifanya na miaka ya kukisia. Kama wazijua Thenashara Taifa, yale makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, sema alikuwa wa Tisa Taifa au wa Thelatha Taifa. Ukisema Mjomvu au Mkilindini umeshampunguzia kazi mwenye kukusaidia. Na ukipata, rudi useme umepata nini. Wengi huchukua wakanyamaza, kisha mwaka unaofuata shajara nzima, yaani mti wa ukoo, inatokea mahali pengine na jina la mtu mwingine juu yake.

Haya tusingebishana sana. Ugomvi uko kwenye kipi kifichwe. Wapenzi wa nasaba wa ng'ambo wana kanuni nyepesi: ficha walio hai, waliokufa waachie. Sensa ya Uingereza hufunguliwa baada ya miaka 100, ndiyo maana ile ya 1921 ilitoka Januari 2022. Marekani husubiri miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. FamilySearch, tovuti ya nasaba, nayo huwaficha walio hai. Vijana wetu wameichukua kanuni hii nzimanzima, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Mombasa, maiti wa miaka mia bado anakaa na watu sebuleni. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Pwani mwaka 1907 tu. Ni vizazi vinne au vitano. Posa ikija, wazee bado huuliza kijana ni wa nani, na katika fiqhi ya Shafii tunayoifuata nasaba imo katika kuangalia kufu, yaani kama wachumba wanalingana. Kwa miaka mingi vijana wa Pwani wenye majina ya Kiarabu waliitwa mbele ya kamati kuthibitisha asili ya babu zao ndipo wapate kitambulisho. Ukiandika kwamba Salim alikuwa na mtoto mwingine Malindi nje ya nikahi, umemgusa mjukuu aliye hai, pengine na kesi ya mirathi pia. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 yenyewe inahesabu asili ya mtu, pamoja na majina ya wazazi, watoto na mke au mume wake, kuwa taarifa nyeti. Mambo ya nyumbani tupu imeyaacha nje, lakini grupu ambalo nusu ya wanachama hawajuani sijui kama ni nyumba.

Hata hivyo usiri nao uulizwe unamlinda nani. Ziko shajara ninazozijua zinazoanza Oman na kuteremka hadi Mji wa Kale bila jina la mwanamke hata mmoja. Wako wapi mama? Wengine walikuwa masuria, wajakazi waliozaa na mabwana zao. Watoto wao walikuwa huru na wakarithi, wao wakabaki bila mstari. Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani kwenye miji ya Waswahili, Mtwapa ikiwemo, ulionyesha kuwa asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa wanawake na ile ya Asia, hasa Uajemi, kwa wanaume. Shajara ya mababa peke yao ni nusu ya watu, na "tusiseme" ya wazee huiacha hivyo hivyo. Vuka upande wa bara, Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari mwaka 1875 kwa ajili ya waliokombolewa utumwani. Pale utumwa ndio mwanzo wa historia ya mahali, na kengele ya kijiji hicho bado ipo. Aibu, basi, si kitu cha lazima.

Kati ya hayo, mimi nampa neno la mwisho aliyetokana na marehemu huyo. Mjukuu wa suria akitaka kumtaja nyanya yake kwa jina, amtaje, na ami asimzuie. Jirani au mtafiti aliyelikuta jina hilo kwenye faili la mirathi ampelekee mjukuu faraghani, asilimwage hadharani. Masahihisho nayo yapitie huko huko. Mzee aliyesahihishwa mbele ya wajukuu hatasema tena, na grupu litakuwa limejifungia chanzo chake kwa mkono wake.

Nimrudie yule wa Salim. Angeandika hivi: "Mimi ni mjukuu wake kwa mama. Salim bin Ali bin Juma, baharia wa majahazi, akikaa Kuze, kabla ya vita vya pili. Namtafuta dada yake, mama alitaka kumjua kabla hajafa. Ninayo picha ya arusi ya babu. Nitaituma kwa atakayeniambia kwanza ni nani humo bado wako hai."