Dawa nyeupe ya kuziba jino si pambo tu

Wanaoibeza dawa nyeupe ya kuzibia meno husema ni ya wenye fedha wanaotaka kucheka bila aibu. Gego la nyuma nani analiona? Weka amalgamu, ile ya rangi ya fedha, utafunie miaka na miaka. Hoja hiyo ina uzito, ila inaishia kwenye rangi, na rangi ndiyo jambo dogo kuliko yote hapa.

Amalgamu haishikamani na jino, inakaa kwa kubanwa. Kwa hiyo daktari huchimba shimo lenye kina, pana zaidi ndani kuliko kwenye mdomo wa shimo, hata ikibidi kukata sehemu ya jino isiyooza. Dawa nyeupe inataka uozo uondolewe, basi. Jino hupakwa jeli ya asidi ya fosfori kwa sekunde chache, likasuuzwa na kukaushwa mpaka enameli, tabaka gumu la nje ya jino, ifubae kama chaki. Asidi imefungua vitundu visivyoonekana kwa macho, na gundi huzama humo. Ndipo inapowekwa dawa yenyewe, resini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na chembe za kioo, tabaka baada ya tabaka, kila moja kama milimita 2, ikimulikwa kwa taa ya bluu hadi igande. Haraka haifai: mwanga haupenyi mbali, na resini hunywea inapoganda. Ukijaza kwa mkupuo, hubaki mwanya pembeni.

Mwanya huo ndio silaha ya wapinzani. Katika utafiti wa Lisbon, Ureno, uliochapishwa mwaka 2007, watoto waliozibwa magego walifuatiliwa hadi miaka 7. Amalgamu zilizodumu zilikuwa asilimia 94.4, nyeupe 85.5, na nyingi kati ya nyeupe zilizoharibika ziliponzwa na uozo mpya uliozizunguka. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini kilichohesabiwa ni dawa, si jino. Ni kiasi gani cha jino lisilooza kilichongwa ili amalgamu ipate pa kushikia? Asilimia 94.4 haisemi, na kilichochongwa hakioti tena. Tena nyeupe ikimeguka, mara nyingi huongezewa palepale bila kuchimbua yote. Kwa kijana ambaye gego lake lina miongo mbele yake, hesabu hiyo ni nzito kuliko miaka 7.

Amalgamu inashinda penye unyevu. Mate au damu ya fizi ikigusa jino lililokwisha kupakwa asidi, gundi haishiki. Kwa gego la mwisho lenye shimo kubwa, foleni ndefu na umeme unaokatika, siwezi kumlaumu daktari anayeichagua. Lakini karibu nusu ya amalgamu ni zebaki, na nchi za Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2025 kuikomesha amalgamu ifikapo 2034. Hospitali zisizoanza sasa kuwapa madaktari taa, pamba za kutosha na muda kwa kila mgonjwa zitafika huko mikono mitupu.

Na umeme si kisingizio kwa kila shimo. Miaka ya 1980, hapa Tanzania, ulianza mtindo wa kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, na baadaye ukawa wa kuziba kwa saruji ya ioni za kioo (glass ionomer), nyeupe pia, inayoshikana na jino yenyewe. Kwa tundu dogo la upande mmoja inatosha, na hakuna sababu ya kuchonga sehemu ya gego isiyooza kwa ajili ya amalgamu.