Usisukume grisi mpaka itokeze

Muulize fundi ameweka grisi kiasi gani kwenye beringi ya mota, ile pete yenye gololi inayoshika ekseli inayozunguka, na mara nyingi atakujibu: "Mpaka ikatokeza." Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa katika ulainishaji wa mashine, na linaudhi zaidi kwa sababu hufanywa na watu wenye bidii.

Beringi haitaki kujazwa. Grisi ikifika theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi ndani yake, inatosha kwa kasi ya kawaida. Ikijaa, gololi hulazimika kuikoroga kila mzunguko. Joto hupanda, mafuta hujitenga na kigandishi kilichoyashika, ambacho mara nyingi ni sabuni, na kinachobaki ni ukoko mkavu usiolainisha kitu. Mbaya zaidi, pampu ya mkono ina shinikizo la kutosha kusukuma sili, kizuizi cha pembeni mwa beringi, itoke mahali pake. Grisi ikipenya hapo, hufika hadi kwenye koili za mota.

Kiasi cha kuongeza hupatikana kwa hesabu: kipenyo cha nje mara upana, vyote kwa milimita, mara 0.005. Jibu ni gramu. Beringi namba 6310 ina kipenyo cha nje cha 110 na upana wa 27, kwa hiyo inahitaji karibu gramu 15. Kisha ijue pampu yako, maana hazilingani: bonyeza mara 10 juu ya mizani, ugawe kwa 10. Ikitoa gramu 1.2 kwa bonyezo, mabonyezo 12 yanatosha.

Futa nipeli, kile kichwa kidogo cha kuingizia grisi, kwanza, la sivyo vumbi litaingia pamoja na grisi na kukwaruza chuma kama msasa. Fungua kizibo cha kutolea grisi iliyozidi, sukuma polepole, kisha iache mashine izunguke dakika 10 hadi 30 kabla ya kukifunga.

Beringi ikifanya kazi juu ya nyuzi 70 za Selsiasi, kila ongezeko la nyuzi 15 hupunguza kwa nusu muda wa kungoja kabla ya kuongeza tena. Na rangi isikudanganye: grisi mbili za buluu zinaweza kuwa moja yenye kigandishi cha lithiamu na nyingine cha poliurea, na zikichanganyika mara nyingi hulainika na kuvuja.

Beringi yenye alama ZZ au 2RS imefunikwa pande zote mbili na kutiwa grisi kiwandani. Hiyo iache ilivyo.