Podikasti Haihitaji Kujua Nilipo
Inaniudhi sana kuona programu ya kusikilizia podikasti, ambayo kazi yake ni kusoma mlisho wa RSS (orodha ya vipindi ambayo mtayarishaji huiweka mtandaoni) na kupakua faili la sauti, ikinidai kwanza nifungue akaunti, nitoe baruapepe, kisha niiruhusu ifuatilie mahali nilipo. Ya nini yote hayo? Mlisho wa kawaida uko wazi kwa yeyote mwenye anwani yake, na AntennaPod, programu ya podikasti ya simu za Android ambayo msimbo wake ni huria, yaani yeyote anaweza kuusoma, haidai akaunti yoyote. Programu inayotunza historia yangu kwenye seva yake hujua hata dakika niliyoacha kusikiliza, na kwa mtu anayefuatilia vipindi kuhusu ugonjwa wake, huko ni kuchunguliwa chumbani.